Pasli ya Jumapili Tatu

Kama hujui pasli usijali, hata mimi nilifika miaka arobaini na kitu bila kuijua na nilikuwa naishi tu poa. Ni kama dhania yenye ilipelekwa shule ya mabweni ikarudi na nywele imejikunja. Ukiiweka kwa mchuzi ukitegemea ifanye kazi ya dhania, utakula ukijiuliza ni nani alikuwa anakata nyasi karibu na sufuria.

Ilikuja kwa nyumba yetu huku Free Area, Nakuru, kwa sababu ya baba yangu. Daktari alituambia mzee ana moyo mkubwa. Mimi nikafurahi, nikasema ni kweli, hata majirani wanamjua hivyo. Bibi yangu, yaani mke wangu, alinikanyaga mguu chini ya meza ndio nikaelewa kwamba hatujapewa sifa, tumepewa ugonjwa.

Mama alikuwa ametuacha mwaka uliotangulia. Baba alibaki peke yake huko juu Olenguruone na kondoo zake, na viazi, na ile baridi yenye ukiacha maji nje kwa beseni asubuhi unayakuta yameshika ngozi. Dada yangu ameolewa hapo karibu, ng'ambo ya mto, lakini yeye ako na ng'ombe za kukamua na majani chai ya kuchuma, hawezi kumlinda mzee kama mtoto. Siku moja alimkuta amekaa chini katikati ya njia ya kutoka shamba, jembe kando yake.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Napumzika."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Ilikuwa saa tisa mchana.

Basi tukamleta Nakuru, tukampa chumba cha nyuma chenye nilikuwa naweka ndoo zangu za rangi, maana kazi yangu ni kupaka nyumba za watu. Alilala hapo mwezi wa kwanza akisema anaota akiwa ndani ya tangi ya petroli. Kliniki walimpa vidonge vya presha, vingine vya kutoa maji kwa mwili, na wakasema chakula yake isiwe na chumvi. Sio chumvi kidogo. Isiwe nayo kabisa. Msichana wa mambo ya lishe alituonyesha karatasi iko na mchoro wa chumvi imepigwa msalaba, akatuambia kwa upole tutafute vitu vingine vya kuleta ladha: ndimu, kitunguu saumu, dhania, rosmari, pasli. Baba alimsikiza mpaka mwisho, akamshukuru. Tulipofika nje ndio akasema, "Huyo mtoto hajawahi kula kiazi."

Lazima umwelewe. Mtu wa kule juu, kiazi anakula ikiwa moto mpaka inamrukaruka kwa mikono, anaitoa ngozi na vidole, anaichovya kwa chumvi iko kando ya sahani. Hiyo ndiyo chakula. Zingine zote ni maneno.

Bibi yangu ni fundi wa nguo, cherehani yake iko hapo kwa baraza, kwa hivyo yeye ndiye alikuwa anashinda na mzee mchana. Alijaribu. Alipika na ndimu, sahani ikarudi. Alipika na kitunguu saumu, sahani ikarudi na swali kama kuna mtu amekufa jikoni. Dhania baba alisema hiyo ni ya watu wa hoteli wanaficha nyama imelala. Rosmari aliitoa kwa mchuzi na vidole viwili, akaiangalia, akasema, "Lakini hii ni ua. Hii ndiyo mnafungia boma." Na kweli, nusu ya mageti ya Nakuru iko na rosmari pande zote mbili. Tulikuwa tunamlisha ua wa nyumba.

Halafu kwa wiki kama mbili hivi akaanza kula vizuri. Tukasifiana. Bibi yangu akasema ni ile kitunguu ya kukaanga. Miguu ya mzee ilikuwa inafura lakini tukasema ni kukaa sana. Siku ya kufua, bibi yangu akaingiza mkono kwa mfuko wa koti yake akatoa ule mkebe mdogo wa ugoro.

"Baba, hii ni nini?"

"Ugoro."

"Ugoro nyeupe?"

"Imezeeka."

Alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi nikipaka dari, nikacheka mpaka nikamwaga rangi kwa shati. Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa analia. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba huyu mzee akirudi kwa chumvi, maji itaanza kwa miguu, ipande tumbo, ifike kwa mapafu, na hapo hatutakuwa na mtu wa kuuliza tena.

Alipopokonywa mkebe, baba aligoma. Hakugombana na mtu. Alikunywa chai, akala nusu ya mkate, na sahani ya jioni akaisukuma polepole mpaka katikati ya meza, vile mtu anarudisha kitu ya jirani. Mshipi wake nilitoboa tundu mpya na msumari, halafu ingine. Na kila jioni alisema neno moja tu: nyumbani.

"Nyumbani utakula nini?" nilimuuliza.

"Chakula."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni dawa. Nipeleke nyumbani nife nimeshiba. Mama yako amelala pale kando ya sipresi peke yake, na mimi niko hapa nakula ua."

Sasa mimi, mtu akinibeba na maneno mazito, huwa natafuta mzaha haraka kama mtu anatafuta mlango moshi ikiingia. Nikamwambia bado kuna jina moja kwa ile karatasi ya kliniki hatujajaribu. Nikaenda duka la mbegu na dawa za mifugo, nikarudi na paketi ya pasli.

Nilisoma mpaka kidato cha pili. Cha tatu nilikisikia tu kwa watu. Somo la kilimo, kitu nakumbuka ni picha ya ng'ombe iko na mishale, mshale moja umeandikwa mgongo. Kwa hivyo maelezo ya nyuma ya paketi niliangalia, nikaona ni marefu, nikaamua mbegu ni mbegu. Jumapili baada ya kanisa nikafunga kamba kutoka kwa tangi ya maji mpaka kwa ukuta, nikachimba mashimo na jembe, umbali wa mguu moja kati ya shimo na shimo, na nikaanza kuweka mbegu mbili kwa kila shimo. Vile mahindi inapandwa. Baba alikuwa amekaa kwa kigoda amejifunika blanketi, jua ikiwaka.

"Kijana," akasema.

"Ndio, baba."

"Hiyo mbegu unapanda ama unazika?"

Nikamwambia napanda. Akaniuliza mbegu kama hiyo, ndogo kama uchafu ya kucha, itatoka huko chini na ngazi ya nani. Akainuka. Alikuwa hajainuka bila kusaidiwa siku nyingi. Akapiga magoti hapo kwa mchanga, akaninyang'anya kamba, akayafukia mashimo yangu yote na kiganja, na akachukua kijiti akachora mistari midogo, ya kina ya ukucha tu. Mbegu akaimwaga kwa vidole vitatu, akizungusha, kama mtu anatia chumvi kwa sufuria. Nilimwona. Hata yeye nafikiri alijiona, maana alisimama kidogo na mkono hewani.

"Hii mchanga yenu imekufa," akasema. "Ni vumbi tu inangoja upepo."

Akampigia dada yangu simu hapo hapo, na Jumanne gunia ya mbolea ya kondoo ikafika kutoka Olenguruone, ile imeoza vizuri mpaka inanuka mvua. Tukaitandaza juu nyembamba.

Hiyo Jumapili ya kupanda ndiyo tuliwekeana dau. Mimi ndiye nilianza, kwa mzaha. Nilimwambia, "Baba, hii ikimea, utakula chakula ya bibi yangu yote bila chumvi, na hutaongea mambo ya nyumbani."

Yeye hakucheka. Alifikiria kama mtu anauziwa ng'ombe. "Na isipomea?"

"Nitakupeleka mwenyewe."

"Kabeji inatoka wiki moja," akasema. "Karoti ndiyo mvivu kabisa, inatoka wiki mbili. Hiyo yako nitaiongezea. Jumapili tatu. Jumapili ya tatu kama mchanga bado iko vile iko, Jumatatu unanipeleka."

Tukashikana mikono. Bibi yangu alikuwa anaangalia kutoka kwa cherehani, na jioni akaniuliza kama nilisoma paketi. Nikasema nimeisoma. Akaenda akaisoma yeye. Ilisema wiki tatu mpaka nne, na pengine zaidi kama ni baridi, na mbegu ilowekwe kwanza kwa maji usiku moja. Akaniambia nimwambie baba.

Sikumwambia baba. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia asubuhi, wakati bado ni kitu ya kuchekesha. Nilisema nitamwambia kesho.

Kitu chenye sikutegemea ni kwamba mzee aliikamata hiyo pasli kama kazi. Hakuna mtu alimwambia. Maji huku kwetu mfereji unatoka siku mbili kwa wiki, mkibahatika, kwa hivyo alikuwa anangoja bibi yangu aoshe mboga ya sukuma, anachukua hayo maji kwa mkebe, anatumbukiza tawi na kunyunyiza, asubuhi na jioni, taratibu, ndio mbegu isisombwe. Alilaza gunia mzee juu ya kitanda cha mbegu ndio unyevu usitoroke, na kila asubuhi aliinua pembe moja akachungulia, akarudisha, kama mtu anaangalia mtoto amelala. Kuku ya jirani akiingia alikuwa anaifuata mpaka kwa geti na fimbo, akipumua vibaya. Chakula bado alikuwa anaonja tu, akisema kuonja hakuko kwa mapatano.

"Hata kama unataka ikose kumea," nilimwambia siku moja, "mbona unaitunza?"

"Nikishinda nataka nishinde vizuri," akasema.

Jumapili ya kwanza, mchanga. Jumapili ya pili, mchanga. Nilianza kuamka na kuangalia mimi pia, kabla niende kazi, nikisugua macho ndio isionekane nimetoka kwa ajili ya hiyo. Siku kumi na nane. Siku kumi na tisa. Baba akaanza kukunja nguo zake. Sio kwa fujo. Shati moja leo, soksi kesho, kwa ile begi alikuja nayo. Bibi yangu alikuwa anazitoa akizifua tena ingawa zilikuwa safi.

Ijumaa nikitoka kazi nikapita kwa wale wanauza miche kando ya barabara kuu.

"Boss, uko na pasli?"

"Ile ya wazungu? Iko."

Akaniletea seleri. Nikamwambia hapana. Akaniletea kitu ingine, nikanusa, ikanuka nyasi karibu na sufuria. Niliijua. Miche sita, kila moja kwa karatasi yake nyeusi, na majani yake ya kujikunja, urefu wa kidole. Nilizificha kwa ndoo ya rangi, nikafunika na brashi.

Jumamosi kulipoanza kupambazuka nikatoka na kijiko. Nikainua gunia, nikachimba, nikazipanga kwa mstari wa baba mwenyewe, nikatoa makaratasi nikayatia mfukoni, nikalaza mchanga na kiganja. Nilijipongeza. Nilifikiri nimekuwa fundi wa maisha. Huyo mtu wa kufikiri hivyo alikuwa anamdanganya mzee amelima miaka sitini, na hakuwa hata ameosha mikono.

Baba alitoka kama kawaida, na mkebe wake. Akainua pembe ya gunia. Akainua lote. Akasimama. Mimi nilikuwa kwa mlango na kikombe cha chai, naangalia juu kama mtu anapima kama kutanyesha.

"Imemea," akasema.

"Aa? Wacha nione. Kweli imemea."

"Imemea na majani tano kwa usiku moja."

"Ni ile mbolea ya kondoo."

Aliangalia ile miche, akaangalia mikono yangu, akainama akachukua kipande cha karatasi nyeusi chenye nilikuwa nimesahau hapo kwa mchanga, akakiviringisha kwa vidole mpaka kikawa kidogo, akakitia kwa mfuko wa koti. Halafu akachukua tawi akanyunyiza maji.

Jioni hiyo alikula. Bibi yangu alikata jani mbili za ile miche akaziweka juu ya viazi za kuponda, na baba akala sahani yote, bila uso kubadilika, kama mtu anafanya kazi ya kibarua. Akasukuma sahani ikiwa tupu. Bibi yangu akaingia jikoni haraka, nikasikia mfereji umefunguliwa na siku hiyo hakukuwa na maji.

Wiki hiyo sitaisahau. Alikula kila siku. Miche mbili zilikauka, maana pasli ni kama karoti, mzizi wake unashuka moja kwa moja na haipendi kuhamishwa, lakini nne zilishika. Rangi ilimrudia kidogo kwa uso. Jioni alikuwa anaongea, na sio mambo ya nyumbani, alikuwa ameshikilia mapatano. Aliongea juu ya mama, vile alikuwa anapanda minji na kuimba vibaya, vile alikataa kuolewa na yeye mara mbili na ya tatu akakubali kwa sababu ilikuwa inanyesha na alitaka baba aondoke kwa mlango wao. Nilikuwa najua mama yangu kama mtu wa kuchapa. Huyo msichana wa mvua sikuwa namjua. Nilikaa hapo nikisikiza na nikajiambia uongo wangu umefanya kazi nzuri kuliko vidonge.

Jumamosi iliyofuata baba akaniita nje.

"Kuja uone."

Alikuwa amepiga magoti tena. Kati ya ile miche yangu minne, kwa mistari yenye alichora na kijiti, kulikuwa na vitu vidogo vya kijani, vyembamba kama uzi, majani mawili mawili, nyingi, mstari mzima. Zimetoka siku hiyo. Ilikuwa siku ya ishirini na saba.

"Hizi," akasema, "ndizo zako."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta sikupata.

"Ulijua," nikasema.

"Mche umetoka kwa karatasi unakaa umeinama siku ya kwanza. Hata mtoto anajua. Na ulikuwa na mchanga mpaka kwa masikio."

"Mbona ulikula?"

Alikaa chini kabisa, miguu imenyooshwa kama mtoto, akapumua kwanza. "Uliamka mapema kwa ajili yangu. Mtu akiamka hivyo, unakula. Nimekula wiki moja. Hiyo ilikuwa ya shukrani. Sasa imeisha."

"Lakini zimemea, baba. Si hizi hapa."

"Jumapili ya tatu ilipita zikiwa chini."

"Siku sita tu."

"Ndio. Siku sita." Aligusa moja na kidole, hakuikandamiza. "Ungekuja uniambie, baba, mbegu hii inataka wiki nne, nilisoma kwa paketi, niongezee. Ningekuongezea. Mimi nimengojea mvua miezi. Nashindwaje kungoja siku sita? Lakini hukuniomba. Ulinionyesha ya kununua kama mtu unanyamazisha mtoto na peremende. Na mimi nikajua hapa sasa nimekuwa wa kudanganywa. Nipeleke kwangu."

Nilimwomba hapo. Nilimwomba na maneno yote nilikuwa nayo, yenye sio mengi. Bibi yangu akatoka akamwomba, akampigia magoti, na yeye akamwinua akamwambia amepika vizuri kuliko watoto wake wote na hana kesi na yeye. Jumatatu nikampeleka. Njiani kupanda Mau alifungua dirisha, baridi ikaingia, akafunga macho.

Bibi yangu hakunikemea. Alisema mara moja tu, akikata kitambaa, "Nilikuambia umwambie." Kisha akaendelea kukata.

Pasli, nayo, ilikubali kama kitu imekasirika. Niliipunguza ikabaki umbali wa kiganja, nikaipa maji ya sukuma, nikaifunikia jua ya mchana na kipande cha neti. Ilijaa. Mara ya kwanza bibi yangu alienda kuvuna akang'oa shina nzima na mizizi, akaifunga na uzi kama dhania, mkono wake ulifanya tu kabla akili ifike. Tulisimama tukaangalia ule mzizi mweupe mrefu. Sasa tunajua. Unakata yale majani ya nje, karibu na chini, unaacha katikati, na inakuja tena na tena. Majirani walikuja kuomba dhania, nikawapa, wakarudi kunipa pole.

Kila Ijumaa nilikuwa nafunga fungu kwa gazeti lenye unyevu, natuma na gari za Olenguruone. Na kila jioni napiga simu.

"Umekula nini, baba?"

"Viazi."

"Na nini?"

"Na ile nyasi yako."

"Chumvi?"

"Hakuna."

"Vidonge?"

"Nimemeza."

Na hapo tunaongea juu ya kondoo. Sauti yake ilikuwa ile ile ya ugoro imezeeka. Nilikuwa naisikia na siwezi kusema kitu, maana nitasema na mdomo gani? Dada yangu nikimpigia ananiambia ukweli wote mara moja, yeye hajui kuupunguza. Alisema pasli baba anaipatia kondoo.

"Zinapenda sana," akasema. "Zikisikia gari zinakimbia kwa ua."

"Kwa hivyo kondoo ndio wanafuata amri ya daktari."

"Wako na afya kweli," dada yangu akasema, na tukacheka sisi wawili kwa simu, halafu hakuna mtu alikata.

Mvua kubwa ilipoanza nilipanda kumwona bila kumwambia. Nilimkuta jikoni kwa moto. Alikuwa amevaa akala, zile sandali za tairi, na kule nje ni matope mpaka kwa goti. Gumbuti zake, zile buti za mpira, zilikuwa kando ya mlango, kavu, na utando wa buibui ndani. Miguu haikuwa inaingia tena. Hakuniuliza kwa nini nimekuja. Alitoa viazi kwa sufuria, akachukua lile fungu la pasli nilikuwa nimebeba, akalikatakata na kisu chake cha kuchinjia, polepole kwa sababu pumzi ilikuwa fupi, akalimwaga juu ya viazi zake na zangu. Mkebe wa chumvi ulikuwa kwa rafu nyuma ya kichwa chake, mfuniko wazi. Hakuuangalia. Alikula bila chumvi mpaka mwisho, akiniangalia nikimwangalia. Na mimi nilikula. Nakuambia ukweli, haina ladha. Ni nyasi.

Tukimaliza nilimwambia anionyeshe mguu. Kliniki walitufundisha. Unabonyeza na kidole gumba hapo mbele juu ya mfupa, unashikilia kidogo, unatoa, na unaangalia lile shimo linachukua muda gani kujaa. Kwa mtu mwenye afya halionekani hata. Alipandisha suruali mwenyewe. Ngozi ilikuwa inang'aa kama imepakwa vanishi, na hiyo ni kitu najua. Nilibonyeza. Kidole kiliingia kama kwa unga umekandwa. Nilitoa, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, na mvua inapiga mabati. Nilifika thelathini. Nilifika arobaini. Shimo lilikuwa pale tu.

"Inasema nini?" baba akauliza.

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia, baba, iko mbaya, vaa koti twende hospitali, usiku usitukute hapa. Angenisikiza ama asingenisikiza, lakini ingekuwa imesemwa. Nilimwangalia. Amezeeka, ameshiba viazi hataki, amezila kwa sababu nimepanda mlima na mvua.

"Imepungua," nikasema.

Aliinamisha kichwa akaangalia mguu wake mwenyewe, lile shimo la kidole changu likiwa bado wazi kati yetu. Aliliangalia muda.

"Vizuri," akasema. Akateremsha suruali, akaingiza mkono kwa sufuria, akanipa kiazi ingine.